Waite wanavyojiita, lakini wao ni nani?

Ukifungua vitabu vya jiografia vya miaka mia iliyopita, utakuta watu wengi wametajwa kwa majina ambayo wenyewe hawakuyatumia nyumbani kwao. Hakukuwa na njama yoyote. Msafiri alifika mahali, akamwuliza mwenyeji wake, "Wale ng'ambo ni akina nani?" Mwenyeji akajibu kama jirani anavyomjibia jirani: kwa lakabu, kwa kejeli, pengine kwa neno la lugha yake la kumtaja adui. Msafiri akaandika, karani akanakili, ramani ikachapishwa. Wajukuu wa wale wa ng'ambo wakaja kujaza fomu zenye jina lililotoka kinywani mwa mtu aliyekuwa hawapendi.

Ndivyo Wadatoga wa kaskazini mwa Tanzania walivyopata kuitwa Wamang'ati, neno lenye asili ya Kimaasai la kumtaja adui. Ndivyo Waogiek wa Kenya walivyoingizwa kwenye kapu la "Wadorobo", kutokana na neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara machoni pa mfugaji. Ng'ambo ya bahari mambo yalikwenda vilevile. Walakota na Wadakota waliandikwa Sioux, kipande cha jina walilopewa na Waojibwe na kukatwa na Wafaransa. Wadiné waliandikwa Navajo, neno lililochukuliwa na Wahispania kutoka lugha ya majirani zao Watewa.

Kanuni ya adabu inayojibu hali hii ni fupi: watu waitwe wanavyojiita. Sina ugomvi nayo, na sidhani kama wengi wanao. Kazi huanza unapojaribu kuitumia, kwa sababu neno "watu" humo ndani linajifanya lina sauti moja, na mara nyingi halina.

Kabla ya kufika huko kuna hoja moja inayochosha mijadala hii, nayo ni kwamba jina lolote la kupewa ni tusi. Si kweli. Kila lugha ina namna yake ya kuyaita mataifa mengine. Sisi tunasema Wajerumani na Wagiriki, wakati wenyewe hujiita kwa maneno tofauti kabisa, na hakuna aliyetuletea malalamiko. Wapolandi huwaita Wajerumani Niemcy, neno ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na mzizi wenye maana ya "bubu": watu ambao usemi wao haueleweki. Kwa asili hiyo ni dharau tupu, lakini Wajerumani hawajalifanya kesi. Leo jina hilo halitumiki kuwanyima ardhi. Hakuna mtoto wa Kijerumani anayechapwa shuleni huku akiitwa hivyo, wala hakuna serikali inayolitumia kumwandikisha katika nchi yake mwenyewe.

Lakabu hugeuka jeraha inapopata mamlaka nyuma yake: daftari la kodi, kitambulisho, katuni ya gazeti, tangazo la biashara. Halafu linakuja jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi kwa msemaji wa kawaida: wenyewe wanasema hatulitaki. Kabla ya hapo ulikuwa unatumia mazoea ya lugha. Baada ya hapo unachagua, na watakusikia ukichagua.

Tazama neno Eskimo, walivyoitwa wenyeji wa nchi za theluji za kaskazini kabisa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba maana yake ni "walao nyama mbichi". Baadaye wanaisimu walionyesha chanzo kinachoelekea zaidi, katika lugha za Kialgonkini za majirani zao, kinachohusu kusuka viatu vya kutembelea juu ya theluji. Wapo waliofurahia ugunduzi huo wakasema, basi si tusi, tuendelee. Hoja hiyo inachekesha kidogo, maana waliolikataa neno hawakulikataa baada ya kusoma kamusi. Walilikataa kwa sababu ya namna walivyoitwa kwalo, na nani, na kwa sauti gani. Asili ya neno ni habari nzuri kwa mtafiti, ila haiamui adabu yake leo. Kama ingeamua, Wapolandi wangekuwa na deni kubwa.

Mwaka 1977, katika mji wa Barrow, kaskazini kabisa mwa Alaska, wajumbe kutoka Alaska, Kanada na Greenland walianzisha shirika lao la pamoja na kulipa jina la Inuit. Katiba ya Kanada ya 1982 ikawataja Inuit miongoni mwa watu wa asili wa nchi hiyo, na mwaka 1999 eneo la utawala la Nunavut likazaliwa. Kufikia hapo mtu mwenye nia njema anachukua kalamu, anafuta "Eskimo" kila anapoliona, anaandika "Inuit", anajisikia vizuri.

Mara nyingine amekosea. Wayupik wa Alaska na wa ncha ya mashariki ya Urusi nao waliitwa Eskimo, lakini lugha yao si ya Inuit, na neno "inuit" si lao. Shirika lile linawahesabu chini ya mwavuli wake wa kisiasa, na hilo ni jambo la heshima, ila Myupik akiwa kwao ni Myupik. Kumwita Minuit ni kumbandika jina la jirani kwa mara ya pili, safari hii kwa tabasamu. Ndiyo sababu huko Alaska neno la zamani lilidumu vinywani mwa baadhi ya wazee wenyewe: lilikuwa neno pekee lililowachukua wote. Jibu linalofaa, kwa anayejali, ni kushuka hadi jina dogo zaidi analolijua: Wainupiat, Wayupik, Wakalaallit wa Greenland. Jina la mwavuli litumike pale tu unapozungumzia mwavuli.

Na ule mji wa Barrow? Oktoba 2016 wakazi wake, ambao wengi ni Wainupiat, walipiga kura kurudisha jina la kwao, Utqiaġvik. Waliotaka walikuwa 381, waliopinga 375. Kura sita. Wanaosema "jamii fulani inataka iitwe hivi" wangefanya vizuri kukumbuka hizo sita. Leo mji unaitwa Utqiaġvik na unapaswa kuitwa hivyo, maana uamuzi ulifanyika kwa utaratibu ambao wenyewe waliukubali. Hilo haliondoi ukweli kwamba karibu nusu ya waliopiga kura walikuwa na mawazo mengine.

Basi tunajuaje kundi linataka nini? Njia inayokuja haraka kichwani ni kuwauliza wengi. Kisa cha timu ya mpira wa Kimarekani ya Washington kinaonyesha ugumu wake. Timu hiyo ilicheza kwa miongo mingi kwa jina la Redskins, ambalo ni kumtaja mtu kwa rangi ya ngozi yake. (Kiswahili nacho kina lake la namna hiyo: vitabu vingi vilituletea "Wahindi Wekundu", jina lenye kosa juu ya kosa, kwani Uhindi walidhaniwa tu na wekundu walipakwa.) Baraza kubwa la kitaifa la makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani lilianza kupinga majina ya namna hiyo tangu 1968. Kisha mwaka 2016 gazeti la Washington Post likachapisha kura ya maoni ya watu 504 waliojitambulisha kuwa wenyeji wa asili, na tisa kati ya kumi walisema jina la timu haliwaudhi. Wenye timu wakashangilia. Miaka minne baadaye watafiti wa vyuo vikuu wakatoa matokeo mengine: karibu nusu ya waliohojiwa waliudhika, na kiwango kilipanda zaidi kwa wale wanaoshiriki mara kwa mara mila za makabila yao.

Nani alidanganya? Huenda hakuna. Kujitambulisha kwenye simu kuwa mwenyeji wa asili ni jambo moja. Kuandikishwa katika kabila, kuishi humo na kucheza ngoma zake ni jambo jingine. Kisha kuna swali lenyewe. Mtu anaweza kusema "haliniudhi" akimaanisha ana shida kubwa kuliko jina la timu ya mpira. Hajasema "nipendavyo kuitwa ni hivyo". Mwishowe kilichoamua si hesabu ya maoni. Wadhamini wakubwa walitishia kuondoka, na Julai 2020 jina likafutwa. Tangu 2022 timu inaitwa Commanders.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo ni la marafiki. Nchini Marekani, wasomi na wanaharakati walisambaza neno Latinx kwa ajili ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ili kuepuka jinsia ambayo Kihispania hubandika kwenye kila nomino. Nia ilikuwa kumjumuisha kila mtu. Kituo cha utafiti cha Pew kilipouliza, kikatoa majibu mwaka 2020: katika waliotajwa na neno hilo, takriban robo tu walikuwa wamewahi kulisikia, na asilimia 3 ndio waliolitumia. Wachache hao wana haki ya kuitwa hivyo, na anayetaka aitwe. Kulifanya jina la mamilioni ambao hawajalisikia ni kurudia kazi ya yule msafiri na mwenyeji wake. Wadiné nao: wengi wao hujiita hivyo, lakini baraza lao lenyewe limewahi kukataa pendekezo la kuacha jina rasmi la Navajo Nation. Mgeni anayekataa kabisa kutamka Navajo kwa ajili ya heshima yao anawazidi wenyewe.

Kwa maoni yangu, mpangilio unaofaa ni huu. Mtu mmoja akizungumza juu ya nafsi yake, neno lake ndilo la mwisho. Hakuna baraza linaloweza kumpangia. Ukizungumzia kundi zima, sikiliza kwanza vyombo walivyovichagua wenyewe, kisha matumizi ya kila siku ya walio wengi. Rafiki wa nje, hata awe mwema namna gani, anakuja mwisho.

Wema wa rafiki wa nje una historia yake, na kisa kinachoieleza vizuri kinatoka India. Miaka ya 1930 Gandhi alieneza jina Harijan, watu wa Mungu, kwa ajili ya wale waliotengwa na mfumo wa matabaka wakaitwa wasiogusika. Kulinganisha na jina la awali, hilo lilikuwa kama kupewa maua. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii hizo na baadaye kuongoza kamati ya kuandika katiba ya India, hakulipenda. Aliona jina linawapa watu utakatifu badala ya haki, na linawaacha pale pale walipokuwa, wakihurumiwa. Jina walilolishika wengi baadaye ni Dalit, lenye maana ya waliovunjwa, waliokandamizwa. Mwaka 1972 vijana wa Mumbai waliunda chama cha Dalit Panthers na neno likapata nguvu za kisiasa.

Hapa wasikilizaji wengi huchanganyikiwa. Inawezekanaje mtu akatae kuitwa wa Mungu akubali kuitwa aliyevunjwa? Inawezekana kwa sababu neno la pili lina mhusika aliyefichwa. Ukisema fulani amevunjwa, swali linalofuata ni nani kamvunja. Jina zuri lililoficha swali hilo halikuwafaa. Na Dalit nalo bado haliungwi mkono na wote: katika sheria za India jina ni "matabaka yaliyoorodheshwa", na mwaka 2018 wizara ya habari ya nchi hiyo ilivishauri vituo binafsi vya televisheni viepuke neno Dalit na kutumia lile la kisheria. Wanaharakati wengi wa Dalit walipinga. Serikali ilidai inalinda heshima yao, wao wakaona inawanyang'anya neno la kudai.

Anayedhani jina la adabu siku zote ni lile laini zaidi atapotea kabisa akifika kwenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 unazungumzia haki za watu wenye ulemavu, mtu akitangulia na ulemavu ukifuata. Mantiki yake inaeleweka: kabla ya mguu kuna mtu. Kwa Kiswahili hoja hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa ngeli ya ki-vi, ambayo ni ya vitu, ndiyo iliyotupa kilema, kipofu, kiziwi na kichaa. Upatanisho wa sentensi humrudisha mtu kwenye ngeli ya watu, kipofu *amefika*, lakini kiambishi kimeshasikika. Ndiyo maana leo tunasema watu wenye ulemavu, watu wasioona, watu wenye ualbino, na neno zeruzeru limeachwa kwa wasiojali.

Sasa nenda kwa viziwi wenyewe. Shirikisho lao la dunia, lililoanzishwa Roma mwaka 1951, lilikataa istilahi ya "wenye upungufu wa kusikia", likashika neno kiziwi bila kupepesa. Kwao kuna lugha ya alama, kuna shule, kuna utani, kuna ndoa. Hawajioni kama watu wa kawaida waliopungukiwa kitu. Tanzania chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi, na anayewaita "watu wenye changamoto ya usikivu" kwa kudhani anawaheshimu amewapa jina la daktari. Shirikisho la kitaifa la wasioona la Marekani nalo lilipitisha azimio mwaka 1993 kupinga maneno ya kuzungukazunguka: mtu haoni, semeni haoni. Na Uingereza, vuguvugu la walemavu limeng'ang'ania kutanguliza ulemavu kwa sababu nyingine kabisa: wanasema mwili wao una kasoro fulani, lakini kinachowalemaza ni ngazi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu na mwajiri asiyetaka kuwaona. Hivyo ulemavu ni jambo wanalofanyiwa, na jina lao linalitaja.

Pande zote hizo zina lengo moja la kuonekana kuwa watu kamili, na zimefikia maneno yanayopingana. Hakuna kanuni ya sarufi itakayoamua kati yao.

Mfano mmoja hapa umenisaidia kuelewa kwa nini watu hupigania jina hata wakiwa na mambo mazito zaidi ya kufa na kupona. Juni 1983, huko Denver, kundi la watu waliokuwa na UKIMWI lilitoa tamko. Wakati huo hakukuwa na dawa; wengi wao wangekufa katika miaka michache. Mwanzo kabisa wa tamko walikataa kuitwa waathirika, wakasema hata neno wagonjwa linawafaa kwa nyakati tu. Wao ni watu wenye UKIMWI. Baada ya hapo ndipo yakaja madai: wakae kwenye mikutano inayowahusu, wachague viongozi wao, wapewe taarifa za matibabu yao. Jina lilitangulia kwa sababu mwathirika haalikwi kwenye kikao, huletewa uamuzi. Kiswahili kilichukua muda kufika huko. "Waathirika wa UKIMWI" ilijaa magazetini kabla ya "watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI", au WAVIU, kushika nafasi.

Upo wakati jina linakuwa ndiyo kesi yenyewe. Warohingya wa Myanmar hawatambuliwi na serikali miongoni mwa makabila ya nchi hiyo. Sheria ya uraia ya 1982 iliwaacha wengi wao bila uraia, na wakubwa wa nchi hupendelea kuwaita Wabengali, yaani wageni kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2016 Aung San Suu Kyi, kiongozi wa serikali wakati huo, aliwataka mabalozi waepuke majina yote mawili kwa ajili ya utulivu. Unadhani ni msimamo wa katikati. Kwa mtu ambaye dai lake lote ni kwamba yupo, kutotajwa kabisa kunampa ushindi anayesema hayupo. Novemba 2017 Papa Francis alizuru Myanmar baada ya mamia ya maelfu ya Warohingya kukimbilia Bangladesh. Maaskofu wa huko walikuwa wamemshauri asitamke jina hilo, na kwa siku zote za ziara hakulitamka. Alipovuka kwenda Dhaka, akakutana na wakimbizi 16, akawasikiliza mmoja mmoja, akaomba msamaha, na hapo akalitamka. Watu walimlaumu kwa kunyamaza kwanza, wengine wakamtetea kwamba alikuwa akiwalinda Wakristo wachache wa Myanmar. Wote walikuwa wanapima uzito wa neno moja, na hawakukosea kulipima.

Katika hali kama hiyo mwandishi hana mahali pa kusimama pasipo upande. Akiandika Rohingya, serikali itasema amewapendelea. Akiandika Bengali, amewafuta. Mimi naona kuwataja watu kwa jina lao hakumfungi mtu kukubali kila dai lao kuhusu historia ya eneo. Unaweza kuwaita Warohingya na bado ukahoji tarehe.

Majina ya dini yanaleta mkanganyiko wa aina yake. Waquaker wa Uingereza walibatizwa jina hilo kwa dhihaka katika karne ya 17, watetemekaji, wakalivaa wenyewe hadi likawa la heshima. Wamormoni wamekwenda kinyume. Mwaka 2011 kanisa lao lilikuwa likiendesha kampeni kubwa ya matangazo iliyojivunia neno Mormon. Mwaka 2018 rais wao wa wakati huo, Russell Nelson, akataka jina hilo liachwe na kanisa litajwe kwa jina lake kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kwaya yao maarufu nayo ikabadilishiwa jina mwaka huohuo. Waliojifunza kusema Mormon kutoka kwenye matangazo ya kanisa lenyewe walikuwa na haki ya kuguna kidogo. Wakristo wengine wana mguno tofauti: jina kamili ni hoja ya kiimani, ni kana kwamba ukilitamka umekiri. Sioni hivyo. Jina la taasisi ni jina la taasisi. Hatukubali kwamba kila chama kinachojiita cha kidemokrasia ni cha kidemokrasia, na tunakitaja tu.

Watu wanaochoshwa na haya yote huuliza: kwa nini yanabadilika kila mara? Mwaka 1928 kijana mmoja mwanafunzi alimwandikia W. E. B. Du Bois, msomi Mmarekani Mweusi na mhariri wa jarida la The Crisis, akitaka jarida liache neno Negro. Du Bois alimjibu kwa ukali wa kibaba: asichanganye jina na kitu, ukibadili jina usiku wa leo, dharau itaamka kesho na kulikuta jina jipya. Kwa sehemu kubwa historia ilimpa haki. Neno lake lilikuja kuchakaa, Black likachukua nafasi miaka ya 1960, mchungaji na mwanasiasa Jesse Jackson akasukuma African American kuanzia 1988, na kila moja lilipakazwa na waliokuwa na chuki ileile. Lakini Du Bois huyohuyo alipigana kwa miaka mingi ili herufi ya kwanza ya Negro iandikwe kubwa, kama inavyoandikwa ya mataifa mengine, na New York Times ilipokubali mwaka 1930 ilikuwa ushindi. Hivyo hata aliyesema majina ni alama tu alijua kwamba alama iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwa mtu mmoja na kubwa kwa mwingine ina la kusema. Shirika la habari la AP lilifanya uamuzi kama huo kuhusu neno Black mnamo Juni 2020.

Kubadilika huko kuna jiografia pia. Neno Coloured nchini Afrika Kusini ni jina la jamii kubwa, na wengi ndani yake hujiita hivyo hadi leo, ingawa wapo wanaolikataa kwa sababu ya ubaguzi uliolisajili. Lipeleke Marekani, neno hilohilo ni matusi. Jina San, lililokusudiwa kuondoa "Bushmen" kusini mwa Afrika, nalo ni la kupewa: lilitoka kwa majirani zao Wakhoekhoe, tena kwa kebehi, na wapo wenyewe wanaosema afadhali Bushmen. Vyombo vyao vimelikubali San kama jina la pamoja, hata maadili ya utafiti waliyoyatoa mwaka 2017 yanalitumia, lakini nyumbani mtu ni Mju/'hoan au Mkhomani. Botswana walirekebisha kiambishi: Masarwa, kwa ma- ambayo Kisetswana huwapa watu wa nje kwa dharau, ikawa Basarwa, kwa ba- ya watu. Msemaji wa lugha yenye ngeli anaelewa bila kufafanuliwa.

Rwanda baada ya 1994 serikali iliacha kutaja makabila kabisa, na Watwa wakawa rasmi "waliotengwa na historia". Nia ilikuwa kuzima moto uliowaka kwa majina. Watwa wengine wamelalamika kwamba bila jina ni vigumu kueleza kwa nini wao hasa ndio waliobaki nyuma. Lawama za pande zote mbili nazielewa, na sijui mtu wa nje angepata wapi ujasiri wa kuamua.

Kuhusu maandishi ya zamani, busara inayotumika na wengi ni kutogusa. Shirika la NAACP la kutetea haki za Wamarekani Weusi, lililoundwa 1909, bado limebeba Colored ndani ya jina lake. Mfuko wa masomo wa United Negro College Fund, wa 1944, bado una jina hilo rasmi, kwa hiari ya walioujenga. Barua ya 1850 inukuliwe kama ilivyoandikwa, na maelezo yako kando yake yatumie jina la leo. Sheria ni suala jingine, kwa kuwa inaendelea kuwagusa walio hai. Mei 2016 Obama alitia saini sheria iliyoondoa maneno Negro na Oriental kwenye sheria za shirikisho ambako yalikuwa yamesalia. Kanada bado inawasimamia watu wengi wa First Nations, yaani makabila ya wenyeji wa asili, kwa sheria ya 1876 inayoitwa Indian Act, na anayeiandikia habari hana budi kuitaja hivyo, kwa sababu ndiyo inayoamua nani aandikwe kwenye daftari na nani asiandikwe.